Kihisi cha mA 4–20 kwenye Home Assistant

Je, ukitaka kuona kina cha tangi kwenye Home Assistant (programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani), unaweza kuunga kihisi moja kwa moja kwenye ESP32, ile chipu ndogo yenye Wi-Fi? Hapana, kihisi cha kina cha maji cha mA 4–20 hakiingii moja kwa moja kwenye pini ya ESP32: chenyewe kinatoa mkondo wa miliampia (mA) 4 hadi 20, pini inasoma volti. Pitisha mkondo huo kwenye rezista ya omu 150, yenye usahihi wa 1%. Kwa mA 4 utapata V 0.6, kwa mA 20 utapata V 3.0. Volti hizo zipime kwa ADS1115 (chipu ya pembeni ya kupima volti), siyo kwa pini ya analogi ya ESP32 yenyewe, ambayo usomaji wake hupinda, hasa karibu na kilele. Kwa kihisi kinachopima mita 0 hadi 5, kwenye ESPHome (programu ya kuandaa ESP32 kwa Home Assistant) andika: kina = (V − 0.6) ÷ 2.4 × 5. Ndivyo ninavyovifunga kwenye matangi ya wateja.

Kihisi cha waya mbili kinataka V 24 yake, na hasi ya hiyo V 24 lazima iungwe na graundi ya ESP32. Jihadhari hapa: waya za kihisi zikigusana, V 24 yote inaangukia kwenye rezista na ADS1115. Weka fyuzi ya mA 50 kwenye waya wa chanya, na rezista ya kilo-omu 10 kabla ya pini ya ADS1115.

Ukisoma chini ya mA 3.6, usidhani tangi ni tupu. Huo ni waya uliokatika au kihisi kilichokufa, kwa hiyo usiache pampu iwake kwa namba hiyo.