Hadubini inaona, haitambui

Umeuliza kwa nini watafiti wasiweke tu maji ya chupa chini ya hadubini wakahesabu chembe za plastiki zilizomo. Hadubini ya elektroni itakuonyesha chembe vizuri tu, ila haikuambii kama ni plastiki au vumbi la udongo. Nanoplastiki, yaani chembe ndogo kabisa za plastiki, ni ndogo kuliko mikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita); unywele wako una unene wa kama mikromita 70. Vipo vipimo vinavyotambua aina ya kitu kwa mwanga, lakini cha infraredi hakitambui chembe ndogo kuliko mikromita 10 hivi, na kile cha Raman (cha leza) cha kawaida huishia karibu na 1.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, mwaka 2024 walitumia leza mbili kwa pamoja, wakizirekebisha hadi tofauti ya masafa yao ilingane na mtikisiko wa molekuli za plastiki fulani. Hapo ndipo chembe "inaitika", yaani inatoa ishara inayoonyesha ni plastiki ya aina hiyo. Wakapata wastani wa chembe 240,000 za plastiki kwa lita ya maji ya chupa, asilimia 90 hivi zikiwa nanoplastiki. Kichekesho: nailoni ilikuwa nyingi, na huenda inatoka kwenye vichujio vya kusafishia maji hayo hayo!

Kwa plastiki iliyo hewani, njia mojawapo ni kunasa vumbi kwenye kichujio, kulipasha moto mkali pasipo oksijeni, kisha kuchambua gesi inayotoka. Hiyo inakupa uzito na aina ya plastiki. Idadi ya chembe hupati.