Hiyo si woga, ni hesabu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza: wenzako wakianguka somo wanacheka, wanasema watarudia, wewe ukipungukiwa maksi mbili tatu tu hulali. Je, una moyo dhaifu kuliko wao?

Hapana. Mwenzako akirudia, mzazi wake analipa tena, basi. Wewe ukirudia unawaza ada, kodi ya chumba, na mdogo wako anayesubiri zamu yake. Mtihani ni mmoja, gharama ya kuanguka si moja.

Na hesabu hiyo inakula akili. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima wakulima wa miwa huko India, watu wale wale, kabla ya mavuno na baada yake. Kabla ya mavuno, mifuko ikiwa imekauka, walifanya vibaya zaidi kwenye maswali ya kufikiri. Hawakuwa wamepumbaa, akili zao zilikuwa na kazi nyingine. Kwa hiyo ukisoma ukurasa mara nne usiingie, usijiite mjinga.

Sasa kosa langu. Mimi ndiye niliyekufundisha kukaza roho. Ulipochubuka goti ukiwa mdogo, ulinitazama usoni kwanza, ujue kama una ruhusa ya kulia. Nikatikisa kichwa. Ukameza. Nikajisifu kwamba nakujenga!

Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 kisiwani Kauai, Hawaii, hadi ukubwani. Kati ya waliokulia kwenye umaskini na misukosuko ya nyumbani, karibu theluthi moja walisimama imara. Jambo lililojirudia kwao ni kuwa na angalau mtu mmoja wa kumtegemea. Mtu, mwanangu, si ukimya.

Basi nenda kwa mhadhiri wako, nenda kwa mshauri wa wanafunzi. Najua utaona kama unaomba sadaka. Wenzako huingia ofisi hizo bila hata kufikiri, kwa sababu wamezoea kuhudumiwa. Nawe ni mwanafunzi kama wao.

Zile pesa ulizobana kwenye posho yako ukanitumia, nimekurudishia zote. Usitume tena hadi mitihani iishe. Hapa tutajua la kufanya.

Jumapili nipigie. Ila usianze na "niko sawa."

Mama