Pete ya bibi, mkufu uliokatika na hereni moja: viyeyushwe pamoja?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu bibi yangu aliniachia pete ya dhahabu yenye kito chekundu katikati na almasi ndogo pembeni, mkufu mwembamba uliokatika, na hereni moja. Ya pili ilipotea zamani. Ndani ya pete zimechorwa herufi mbili, yake na ya babu. Pete yenyewe ni kubwa na imeinuka juu. Mimi ni muuguzi, nashinda na glavu mikononi, kwa hiyo imekaa kabatini tu. Natamani kitu kimoja cha kisasa nikivae kila siku. Sonara niliyemwendea anasema tuyeyushe vyote kwa pamoja, atengeneze pete mpya. Je, ni sawa? Na nitajuaje kwamba dhahabu nitakayopewa ni ile ile ya bibi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu bibi yako.

Usikubali viyeyushwe pamoja kabla kila kimoja hakijapimwa peke yake. Na hata vikishapimwa, kuna kipande kimoja ambacho kwa maoni yangu hakipaswi kuguswa na moto kabisa. Nitakifikia.

Anza na lenzi. Angalia ndani ya pete, kwenye kifungio cha mkufu na kwenye mguu wa hereni, utafute chapa. 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9. Namba hizo ni sehemu za dhahabu safi katika kila sehemu 1,000. Zinazobaki ni fedha, shaba, pengine na zinki. Lakini chapa peke yake haitoshi. Kifungio cha mkufu kinaweza kuwa kilibadilishwa miaka mingi iliyopita, ukawa unasoma chapa ya kifungio huku mkufu wenyewe ni wa karati nyingine. Mwambie fundi apime kila kipande mbele yako, kwa jiwe la kupimia na tindikali, au kwa mashine ya eksirei kama anayo.

Kwa nini nasisitiza? Tuseme pete ina gramu 4 za karati 22 na mkufu una gramu 6 za karati 9. Dhahabu safi kwenye pete ni gramu 3.66, kwenye mkufu ni 2.25. Ukivichanganya unapata gramu 10 zenye dhahabu safi gramu 5.91, yaani karati 14 na kidogo. Hakuna aliyekuibia, ila dhahabu bora ya pete imezimishwa na ile ya mkufu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Tatizo kubwa zaidi ni lehemu. Mkufu mwembamba una lehemu kwenye kila pete yake ndogo, na lehemu za zamani nyingi zilikuwa na kadimiamu, metali yenye sumu. Kadimiamu huchemka kwenye nyuzi 767 za Selsiasi, wakati dhahabu safi haiyeyuki mpaka ifike 1,064, hivyo chungu kikipata moto unatoka moshi wa sumu. Tena kuna mafundi waliokuwa wakiunga mikufu kwa lehemu ya bati na risasi, ile ya vifaa vya umeme. Utaitambua: alama ya kijivu iliyofura karibu na kiungo. Risasi kidogo tu ikiingia kwenye dhahabu inaiharibu. Fundi akiipitisha kati ya roli za chuma ili iwe bapa, badala ya kunyooka laini inaanza kupasuka vijiufa kwenye kingo, na ukikunja kipande chake kinakatika kama biskuti. Sehemu ya namna hiyo hukatwa na kuwekwa kando. Dhahabu yake hairudi kazini mpaka isafishwe kwa kemikali.

Kwa hiyo mkufu wako ningeutoa kwenye hesabu ya kuyeyusha. Uungwe palipokatika, kwa lehemu sahihi ya dhahabu, ubaki mkufu.

Vito navyo. Vyote vitolewe kabla ya moto wowote, vipigwe picha, vipimwe upana kwa milimita na uzito kwa karati (ya vito ni uzito, 0.2 ya gramu, haihusiani na ile ya dhahabu), na upewe karatasi yenye vipimo hivyo. Almasi ni ngumu kuliko kitu chochote utakachokutana nacho, lakini motoni bila kinga uso wake huungua ukawa na ukungu mweupe. Kama ni za mkato wa zamani, usiruhusu zichongwe upya zifanane na za dukani. Zitapungua uzito, na mng'ao wao wa vipande vipana utapotea. Wacha fundi achonge kwa mkono mahali pa kukalia kila moja kulingana na umbo lake.

Kito chekundu usikiite yakuti mpaka mtaalamu wa vito akithibitishe. Huenda ni yakuti, huenda ni kito kingine chekundu, huenda ni yakuti iliyotengenezwa na binadamu. Hizo si mpya: Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake ya kuzitengeneza mwaka 1902, na zimejaa kwenye pete za zamani. Chini ya lenzi zenye ukuzaji mkubwa huonyesha mistari iliyopinda na viputo vya hewa. Ukiambiwa ni ya kutengenezwa usivunjike moyo, na usimkubalie anayekushawishi uibadilishe. Kile ndicho kito ambacho bibi alikuwa nacho kidoleni.

Sasa swali lako la pili. Pete nyingi za kisasa hutengenezwa kwa kusubu: umbo huchongwa kwa nta, huzungushiwa plasta, nta huchomwa itoke, kisha dhahabu humiminwa kwenye nafasi iliyobaki. Karakana nyingi hupachika maumbo ya wateja kadhaa kwenye shina moja na kuyamiminia dhahabu moja kwa mara moja. Hapo dhahabu ya bibi imeshachanganyika na ya watu wengine, hata kama uzito uliorudishiwa ni sahihi. Tena kusubu kunahitaji dhahabu nyingi kuliko kazi itakayotoka, kwa sababu shina nalo linajaa. Nta ya gramu 1 peke yake hutaka takriban gramu 15 za karati 18. Kwa vipande vyako viwili vitatu, fundi atalazimika kuongeza ya kwake.

Muulize moja kwa moja: dhahabu yangu itayeyushwa peke yake, kwenye chungu chake? Akisitasita, tafuta anayefanya kazi ya mkono. Huyo huyeyusha kipande chako, hukimimina kikawa mche mdogo, hukipitisha kwenye roli, hukirudisha motoni kilainike, hukipitisha tena, mpaka apate bapa na waya. Unaweza kukaa pembeni ukatazama. Kipimwe kabla na baada, na vumbi la tupa na mabaki uyadai yarudi. Ni mali yako.

Na hicho kipande kisichoguswa na moto ni ule upinde wa pete wenye herufi mbili. Kinachowafanya bibi na babu wawe pale ni ule mchoro, pamoja na namna dhahabu ilivyolika upande mmoja kwa miaka ya kuvaliwa. Ukiyeyushwa, unabaki na gramu kadhaa tu.

Ningekushauri uachane na pete, utengeneze kidani. Vijiguu vinavyoshika kito kwenye pete huchana glavu, na mkono unaooshwa mara nyingi kwa siku utakulazimisha kuivua kila saa, na pete za kuvuliwa vuliwa ndizo zinazopotea. Msumeno mwembamba ukate upinde wenye herufi, unyooshwe kidogo, uwe mgongo wa kidani ili herufi zilale kifuani. Uungwe kwa leza kama ipo, kwa sababu joto lake hukaa mahali padogo sana. Hereni, ikipimwa ikaonekana safi, ndiyo iyeyushwe iwe ukuta mwembamba wa kuzungushia kito chekundu, bila vijiguu vya kunasa nguo. Almasi mbili tatu zipangwe upande mmoja tu, zinazobaki zihifadhiwe.

Kabla ya msumeno, dai mfano wa shaba au wa nta, uuvae siku chache. Na kama una ndugu wenye haki kwenye pete hiyo, zungumza nao sasa ikiwa bado nzima. Nitumie picha ya ndani ya pete na namba utakazokuta, nikuambie kama upinde wake una unene wa kutosha kunyooshwa bila herufi kupasuka.