Kutoa nembo kwenye pikapu: maswali yenu na majibu

Kaka, nataka kutoa maandishi yote kwenye mlango wa nyuma wa pikapu ibaki safi. Nianzie wapi?

Anza kwa kujua herufi zimeshikwaje. Nyingi zimebandikwa kwa tepu nene ya sponji yenye gundi pande mbili, hizo hazina shida, ila zipo zenye vipini kwa nyuma vinavyoingia kwenye matundu ya bodi, ukizing'oa unabaki na matundu, maji yanaingia na kutu inaanzia humo ndani. Fungua kava la ndani la huo mlango umulike na tochi utaviona. Kama jina limebonyezwa kwenye bati lenyewe hilo sahau, labda fundi bodi alijaze alafu apige rangi upya.

Bisibisi inafaa kubandulia?

Hapana jamani! Mimi nilifanya hivyo kwenye pikapu yangu ya kwanza na ule mkwaruzo niliuangalia mpaka siku naiuza, iliniuma sana. Osha gari kwanza, maana vumbi likibaki utalisugulia kwenye rangi. Alafu pasha herufi kwa drai ya nywele huku unaizungusha zungusha, dakika moja mbili, iwe ya moto lakini mkono bado unavumilia, chukua mshipi wa kuvulia samaki, pitisha nyuma ya herufi uvute kushoto kulia kama unakata na msumeno, utasikia kabisa sponji inakatika na mshipi unaanza kuteleza. Mshipi ukigoma ghafla sehemu moja simama, usilazimishe, hapo huenda pana kipini. Hitigani ya fundi, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto sana, iache, moto wake unababua rangi.

Gundi imebaki, niikwangue na wembe?

Usikwangue. Ipashe tena uisukume na kidole gumba, inajiviringisha yenyewe. Kinachobaki pulizia WD-40, yale mafuta ya kopo la kupulizia, subiri dakika kadhaa, futa na kitambaa laini alafu osha na sabuni mafuta yote yatoke. Thina usiiguse, hasa kama gari ilishapigwa rangi upya.

Nimetoa vizuri kabisa lakini jina bado linasomeka, nimekosea wapi?

Hujakosea dada. Rangi ya chini ya herufi haikupigwa na jua miaka yote hiyo, ya pembeni ndiyo imepauka, kwa hiyo kazi iko pembeni, watu wengi wanasugua pale pale palipokuwa na herufi na hapo hapana tatizo. Paka kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, eneo pana kuzunguka jina, taratibu, malizia na polishi na waksi. Rangi ikiwa imechoka sana, hasa nyekundu ya zamani, kivuli cha jina kitapungua ila kisiishe. Ndo maana nasema kabla hujaanza fungua mlango wa dereva, linganisha rangi ya ndani kwenye fremu ambako jua halifiki na rangi ya nje, ukiona tofauti kubwa ujue jina litabaki linaonekana, uamue mapema.

Na ile nembo ya mbele kwenye grili?

Gari mpya zinazojifungia breki zenyewe, baadhi zina rada, kifaa cha kuangalia kilichoko mbele, nyuma ya hiyo nembo, iache ilipo. Kama kamera ya nyuma imekaa ndani ya nembo, hiyo pia usiiguse.

Herufi nilizotoa nitupe?

Weka, mnunuzi wa kesho anaweza kuzitaka. Kabla hujazitoa piga picha na upime nafasi kati ya herufi na herufi, la sivyo kuzirudisha zikae sawa ni mtihani.