Kujifunza Sitaha Wakati Meli Haipo: Kwa Marubani Wapya wa Wanamaji

Ninyi mnaoingia sasa katika urubani wa wanamaji mtasikia mara nyingi kwamba bajeti imepunguzwa na saa za kuruka zimebanwa. Mimi nilikuwa mwongoza ndege kwenye sitaha katika Jeshi la Wanamaji la Uingereza, na ninayowaandikia nimeyapata katika kipindi ambacho tulifundishwa kazi ya meli ambayo ilikuwa bado haijakamilika.

Oktoba 2010 serikali ya Uingereza, katika kubana matumizi, iliamua kuiondoa kazini manowari ya kubeba ndege HMS Ark Royal pamoja na ndege zote za kivita za Harrier, na Desemba mwaka huohuo Harrier zikaacha kuruka. Manowari mpya ya kubeba ndege, HMS Queen Elizabeth, ilipokea ndege ya kwanza ya kivita ya F-35B Septemba 2018. Hiyo ni karibu miaka 8, na ujuzi wa sitaha usipotumika hupotea haraka kuliko mtu anavyodhani.

Katika pengo hilo marubani wetu walipelekwa Marekani kurusha ndege za kivita za F/A-18 kutoka kwenye manowari zinazorusha ndege kwa manati na kuzinasa kwa nyaya. Mei 2012 serikali iliachana na mpango wa kufunga mitambo hiyo kwenye meli zetu, ikarudi kwa F-35B inayotua wima, na wengi wakauliza nyaya zile zingetufaa nini. Zilitufaa sana. Rubani aliyezoea kutua usiku kwenye sitaha inayopanda na kushuka, aliyezoea kusubiri zamu yake angani huku akipiga hesabu ya mafuta na nchi kavu iko mbali, hurudi na mazoea ambayo hayategemei aina ya ndege. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kwenda kwa jeshi rafiki, nenda, hata kama ndege yao hutairusha tena maishani.

Nasi wa sitaha tulikuwa na shule yetu katika kituo cha ndege cha wanamaji cha Culdrose, Cornwall, ambako Sea Harrier zilizostaafu mwaka 2006 ziliendelea kuwashwa na kutembezwa juu ya sitaha ya mfano iliyojengwa nchi kavu. Ndege isiyoruka tena inakusogelea kwa nguvu ya injini yake, kelele inazima kila neno, na kilichobaki kati yako na rubani ni mikono yako tu. Omba ruhusa ukasimame mahali kama pale siku moja, uone ishara utakazopewa zinatolewa na mtu aliye katika hali gani.

Simuleta, yaani mtambo wa kuigiza urukaji, usiidharau. F-35 haina kiti cha mwalimu, hivyo mara yako ya kwanza kuirusha utakuwa peke yako, na kwenye simuleta ya kampuni ya BAE Systems pale Warton rubani na afisa anayeongoza utuaji walifanya mazoezi kwa pamoja. Hata hivyo sikubaliani na wanaoitumia kama sababu ya kupunguza siku za baharini. Novemba 2021 F-35B ya Uingereza ilitumbukia katika Mediterania wakati wa kupaa, kwa sababu kizibo cha njia ya hewa kilikuwa kimesahaulika ndani yake. Rubani aliokoka kwa kiti cha dharura. Kuhesabu vizibo kabla ya injini kuwashwa ni kazi ya watu wengi kwa pamoja, na kikosi huizoea kikiwa melini, katika upepo na uchovu. Mkibanwa saa za angani, ombeni mpewe za sitahani.