Mama wa Mwaloni alidhani tunapumzika

Kwa miaka mitatu, kila Jumapili jioni, mimi na vijana wenzangu tulicheza mieleka ya maonyesho ufukweni Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Ulingo wetu ulikuwa magunia ya maranda yaliyofunikwa turubai. Fundi wa kundi nilikuwa mimi. Nilishajifunza judo, nikaongezea mikabo, yaani namna za kumkamata na kumfunga mtu, niliyoiona kwenye kanda za vibanda umiza, na hakuna kiungo cha mwili ambacho sikujua pa kukipindia. Ila watu walikuja kumtazama mwenzangu mmoja, aliyejua mitama miwili na kabali moja tu.

Jumapili moja nilimfunga mpinzani wangu mkono pale chini kwa karibu dakika nne. Sijawahi kufunga mkabo mzuri kama ule. Tulipomaliza, mama mmoja muuza dagaa akaniita. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Pale chini mlikuwa mnapumzika?"

Nikamweleza kwamba hapana, pale nilikuwa navunja mkono wa mtu.

"Sasa mbona hamkutuonyesha?"

Vijana wanaoniuliza kama ufundi peke yake unaweza kumfanya mwanamieleka awe nyota huwa nawasimulia swali la huyo mama. Hauwezi. Kwenye judo, ukimwangusha mtu chali sawasawa umeshinda hata kama ukumbi ni mtupu. Mieleka ya kulipwa matokeo yake yamepangwa, na anayepewa mkanda ni yule ambaye watu watatoa hela kuja kumwona. Kwa hiyo mvuto ni kazi yenyewe, sawa na kujua kuanguka bila kuumia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Dean Malenko na Chris Jericho, mwaka 1998, kwenye WCW, kampuni ya mieleka ya Marekani. Malenko aliitwa mtu wa mikabo 1,000. Alikuwa fundi wa kweli, mkimya, uso wake hausomeki. Mwezi Machi Jericho alimshinda, na Malenko alipoulizwa anakwenda wapi, akajibu kwamba anakwenda nyumbani. Akaondoka. Wiki zilizofuata Jericho hakunyamaza. Alisimama ulingoni na orodha ndefu akidai yeye anajua mikabo 1,004, akaanza kuisoma mmoja mmoja huku watu wakimzomea. Mwezi Mei, kwenye onyesho la Slamboree, mtu aliyefunika uso kwa jina la Ciclope alishinda pambano la watu wengi ili apambane na Jericho papo hapo. Akavua kinyago. Alikuwa Malenko. Itafuteni video yake msikie kelele za ukumbi ule. Kila nikiitazama mwili unanisisimka, maana Malenko hajasema neno hata moja. Mdomo ulikuwa wa Jericho, na ndio uliowapa watu sababu ya kumtaka yule mkimya.

Lakini tazameni pia walikoishia. Malenko hakuwahi kuvaa mkanda wa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Jericho, ambaye naye alikuwa fundi aliyefunzwa Calgary, Kanada, na kupigana Mexico na Japani, Desemba 2001 aliwashinda manyota The Rock na Steve Austin usiku mmoja na kuiunganisha mikanda miwili mikuu. Wote wawili waliujua ufundi. Mmoja alijua pia kuongea na umati, na hilo sitawaficha.

Sisi Wasukuma hatukulijua hili kwenye kanda. Kwenye mashindano ya ngoma ya Bulabo, pale Bujora, Kisesa, Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na anayeshinda ni aliyevuta umati mkubwa. Nilimwona pale mchezaji wa bugobogobo, ngoma ya majembe, ambaye kabla ya kurusha jembe alitulia, akalitazama, akatutazama sisi, ndipo akalirusha. Wenzake walirusha juu zaidi na hakuna aliyegeuka.

Nilirudi Kirumba nikafanya hivyo hivyo. Nilipunguza mikabo hadi minne. Kabla ya kufunga ule wa mkono, nilikuwa nauinua mkono wa mwenzangu watu wauone, nawatazama, nagusa kiwiko, ndipo nafunga. Na tangu dakika ya kwanza ya pambano nilikuwa naushambulia mkono huo huo, ili ikifika mwisho kila mtu awe ameshajua unauma wapi. Bret Hart, mwanamieleka wa Kanada, alifanya kazi hivyo: alianza na mgongo na miguu mapema, na alipokuja kumkunja mpinzani kwa mkabo wake wa mwisho, hata mtoto alielewa. Hart hakuwa mtu wa maneno mengi. Kabla ya pambano alivua miwani yake akamvalisha mtoto aliyekaa mbele, na ukumbi mzima ukawa wake.

Kwa hiyo, mdogo wangu fundi usiyejua kuongea, usijilazimishe kupiga kelele, sauti ya kuigiza husikika. Mtafute kijana mwenye mdomo hapo kwenye kundi lenu. Mwombe akuseme vibaya mbele za watu Jumapili tatu mfululizo: kwamba unaboa, kwamba mikabo yako ni usingizi. Usimjibu. Jumapili ya nne panda ulingoni, na uanze na mkono wake.