Mama hakukataa mazoezi, alikataa kiti: mipira ya kuvuta na wazee wetu

Ujumbe umeingia wiki hii kutoka kwa msomaji wa Tanga. Alimnunulia mama yake seti ya mipira ya kuvuta, ile mikanda ya mpira inayonyumbuka ya kufanyia mazoezi, akamwelekeza aivute kifuani akiwa amekaa kitini, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Haikupita hata wiki, ule wa kijani ukaonekana umefungiwa gunia la mkaa. Sasa anauliza afanyeje, maana "wazee wetu hawapendi mazoezi".

Hilo la mwisho silikubali, na nalisema mapema kwa sababu linaniuma kila nikilisikia. Mama huyo hakukataa mazoezi. Alikataa kazi aliyopangiwa na mtu mwingine, isiyo na mwanzo wala mwisho. Mtu aliyelima, akatwanga na kubeba ndoo kichwani maisha yake yote anaijua kazi yenye faida akiiona. Na hata kitaalamu ana haki: kuvuta mpira umekaa kunaimarisha mikono, lakini si kinga ya kuanguka.

Tathmini ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, iliyojumlisha tafiti 108, ilionyesha kuwa mazoezi hupunguza maanguko ya wazee wanaoishi majumbani kwa takriban asilimia 23. Faida hiyo ilionekana kwenye mazoezi ya kusimama, kuhamisha uzito, kupiga hatua, kuinuka na kukaa. Mazoezi ya nguvu peke yake hayakuwa na ushahidi wa namna hiyo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani nalo likashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi mchanganyiko, yenye mkazo kwenye nguvu na uwezo wa mwili kusimama bila kuyumba, siku 3 au zaidi kwa wiki. Kwa hiyo kazi ya mpira ni kumwongezea shughuli mtu ambaye tayari amesimama. Ukishalishika hilo, mengine yote ni kupanga.

Kupanga kunaanza na swali, na swali lenyewe ni hili: "Mama, ukiwa umesimama, ni wapi unapopata hofu?" Hapo utasikia: kupanda daladala, kuinuka kwenye mswala, kuanika nguo, kwenda chooni usiku, kushuka ngazi za kanisani. Kila jibu ni zoezi tayari, na limetoka kwake.

Chukua daladala. Mle mna mambo matatu kwa wakati mmoja: kusimama mguu mmoja, kuinua mguu mwingine juu, na kujivuta kwa mkono huku konda anaharakisha. Basi funga mpira kwenye nondo za dirisha usawa wa kifua (zungushia kipande cha kitambaa kwanza, kutu ya nondo inakata mpira). Weka mbele yake kidato imara cha sentimita 10 hadi 15. Aweke mguu wa kulia juu ya kidato, avute mpira kwa mkono wa kushoto hadi ubavuni, aachie taratibu, kisha arudishe mguu chini. Mkono wa pili ubaki umeshika kitu kisichosogea. Mara 8, halafu upande wa pili. Akishazoea, mzee mwenzake asimame pembeni awe konda: "Haya mama, twende, twende, gari inaondoka!" Watacheka, lakini hapo ndipo mwili unapojifunza kutulia wakati kichwa kinasumbuliwa, na ndivyo maisha ya barabarani yalivyo.

Kabla hujafika huko, uwe na mpira unaofaa. Watengenezaji wengi huanzia njano kwa mwepesi, kisha nyekundu, kijani, bluu na mweusi, lakini si wote, kwa hiyo usiiamini rangi; vuta mwenyewe kwanza. Ule wenye ncha mbili uwe na mita 1.5 hadi 2. Wa kitanzi, unaovaliwa mapajani, uwe na takriban sentimita 30 ukiulaza bapa. Uzito unaomfaa ni ule ambao katika mara 10, mbili za mwisho zina kazi, ila bado anaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Kwenye mizani ya 0 hadi 10, ambapo 10 ndiyo mwisho wa nguvu zake, hiyo ni 5 au 6. Akifikisha mara 15 kwa ulaini, mpandishe mpira mzito zaidi.

Kama hela ya seti haipo, tyubu ya baiskeli inatosha kabisa, na sioni aibu kuipendekeza. Kata sehemu yenye valvu uitupe, pasua kwa urefu, osha ule unga wa ndani, kata ukanda wa sentimita 3 hivi. Ukanda ukiwa mwembamba zaidi unakuwa mwepesi. Tyubu yenye kiraka usiitumie, maana kiraka huachia mpira ukiwa umevutwa. Weusi wake unachafua nguo, basi ushonee mfuko mrefu wa kitambaa uutumbukize humo.

Mpira wowote, wa dukani au wa tyubu, ukague kila siku kabla ya kuutumia: unyooshe kwenye mwanga, mbali na uso, utafute vitobo na michubuko, hasa pale unapofungiwa. Wenye mchubuko hautengenezwi, unatupwa. Usiuvute kupita mara mbili ya urefu wake. Jua linaula, kwa hiyo usiuanike dirishani. Uhifadhi kwenye kopo na poda kidogo. Akiwashwa au kutoka vipele, huenda ngozi haipatani na mpira wa asili, basi mbadilishie wa kitambaa.

Na vidole vyenye baridi yabisi usivilazimishe kushika. Wengi huuzungusha mpira kwenye kiganja, unabana, damu inazuilika, mzee anaona mazoezi ndiyo yanayomtesa. Funga kitanzi mwishoni, pitisha kipande cha bomba la maji la plastiki cha sentimita 12, umepata mshikio.

Mahali pa mazoezi ni jambo fupi lakini lisipuuzwe. Kiti cha plastiki kinateleza na kupinduka. Kisukume hadi ukutani, na ukiweza pachika viwili pamoja. Baraza ya nyumba ni bora kuliko kiti chochote. Mkeka uondoke, ndala zivuliwe. Mwenye kisukari na ganzi ya nyayo avae viatu vilivyofunika, wengine wanaweza kukaa peku kama sakafu ni kavu. Dera liinuliwe juu ya vifundo vya miguu na kukazwa kiunoni kwa khanga, maana pindo refu na hatua ya kurudi nyuma havipatani.

Sasa zoezi ambalo nalipenda kuliko yote, kwa sababu linagusa misuli ya ubavuni mwa nyonga, ile inayokushikilia kila unapoinua mguu kutembea. Kitanzi kikae juu kidogo ya magoti, kisianzie kwenye vifundo: huko chini mzigo unakuwa mkubwa ghafla, na ngozi ya miundi ya wazee ni nyepesi, huchubuka. Mzee asimame mbele ya meza nzito, mikono yote miwili juu yake, miguu upana wa nyonga. Ahamishie uzito mguu wa kushoto na atulie hapo kidogo. Wengi huiruka hatua hii. Kisha mguu wa kulia uende pembeni sentimita 15 au 20 tu, vidole vikitazama mbele, na urudi kwa hesabu ya tatu. Mara 8 hadi 10, abadilishe mguu. Muulize anausikia wapi. Akisema nyonga ya mguu uliosimama, zoezi limeingia mahali pake. Huo usioondoka ndio unaofanya kazi ngumu zaidi.

Kinachoharibika hapa ni vitu vilevile siku zote. Kiwiliwili kinalala upande wa pili: mpira ni mzito, chukua ulio mwepesi zaidi. Vidole vya mguu vinageuka nje: misuli ya mbele ya paja imeiba kazi, punguza umbali. Mguu unarudishwa kwa kishindo: hesabu ni ya haraka, mwache ahesabu mwenyewe kwa sauti. Uso umevimba na pumzi imebanwa: hapo simamisha, kwa sababu kubana pumzi kunapandisha presha ghafla. Kuhesabu kwa sauti kunatibu hili pia, mtu hawezi kuhesabu na kubana pumzi pamoja.

Ugumu unaongezwa kwa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wengi hukimbilia mpira mzito huku mzee bado ameikumbatia meza, matokeo yake anajenga mikono ya kushika meza. Punguza kushika kwanza: mikono miwili, mkono mmoja, vidole viwili, kisha viganja vinaelea juu ya meza bila kugusa. Baada ya hapo ageuze kichwa kulia na kushoto taratibu. Halafu ndipo mpira unaofuata.

Kuhusu raha, naomba nieleweke vizuri. Raha haiji kwa kulainisha zoezi, inakuja pale mtu anapoona limemkaba kidogo na ameliweza, mbele ya wenzake. Vitendawili vinafanya kazi hii vizuri ajabu. Mmoja anasimama na kitanzi mapajani, mguu umetolewa pembeni, vidole vya mkono mezani. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Wenzake nao wamesimama kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu wa pili, ukuta ukiwa karibu. Wakishindwa, wanampa mji, naye anasafiri kwa kubadilisha mguu. Wawekee kikomo cha sekunde 10 kwa mguu, maana watani hao wakiachiwa watamchosha mwenzao. Wakati wanafikiria jibu, miguu inalazimika kujisimamia yenyewe, na watu wengi huanguka hasa pale akili iko kwingine.

Kwa kina mama wa pwani, chakacha tayari ni kuhamisha uzito toka nyonga hadi nyonga. Weka kitanzi chepesi juu ya magoti, magoti yasukume nje, na wimbo wachague wao, ndani, bila wanaume kuchungulia. Mwenye mifupa iliyopungua nguvu asikunje mgongo wala kujisokota kwa kasi. Hatua za pembeni zinamtosha. Kwa wazee waliopitia jeshini au JKT, amri za "mguu pande, mguu sawa" ni mazoezi ya hatua za pembeni yaliyokwisha kaa mwilini, na mpe mmoja wao awe afande. "Nyuma geuka" tu ndiyo ibadilishwe: igawanywe hatua nne ndogo, maana kugeuka kwa kisigino ndiko kunakoangusha.

Kuvutana kwa wawili kunapendwa kupita yote na kuna hatari kupita yote. Wanatazamana, kila mmoja ana ncha ya mpira, mguu mmoja mbele. Mmoja anavuta taratibu, mwenzake anajizuia miguu isihame. Hakuna anayeachia bila kutamka "naachia" na kujibiwa "haya". Mpira ukiachiwa ghafla unapiga jicho, na aliye upande wa pili anakwenda chali, kwa hiyo nyuma ya kila mmoja pawe na ukuta au mtu mwenye nguvu. Asiyeweza kusimama kisigino-kwa-vidole sekunde 10 bila kushika, hili bado si lake.

Wapo wa kumwona daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kwanza: aliyeanguka mara mbili au zaidi ndani ya mwaka, mwenye maumivu ya kifua, presha isiyotulia, kizunguzungu cha mara kwa mara, aliyevunjika karibuni au kubadilishiwa nyonga. Anayechoma insulini asianze na njaa.

Na niseme la watoto wetu, kwa sababu ndiko mazoezi mengi yanakofia. Unampa mzazi shikamoo mlangoni, kisha ukiingia ndani unamsemesha kwa sauti ya chekechea: "Vuta kidogo tu bibi, hodari!" Acheni. Mwambieni ni misuli gani inafanya kazi na kwa nini. Muulizeni zoezi lipi liondoke na lipi libaki, na akisema liondoke, liondoke. Asiyepewa sauti kwenye mwili wake mwenyewe atatafuta sababu ya kutokuja, na atakuwa na haki.

Dakika 30 hadi 40 zinatosha, siku 3 kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Dakika tano za mwanzo ni kutembea papo hapo na kuzungusha vifundo vya miguu. Mazoezi manne au matano ni mengi ya kutosha, kila moja seti 2, na kupumzika dakika moja ya stori kati yake.

Siku ya kwanza pima, na uandike kwenye daftari lake, si ukutani kwa wote. Akae kwenye kiti, ainuke, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi akae. Sekunde 12 au zaidi zinaonyesha yuko kwenye hatari ya kuanguka. Rudia baada ya wiki 8. Namba isiposogea, tazama kwanza mikono yake wakati wa mazoezi: mara nyingi utakuta bado inabeba uzito mezani. Mikono ikiwa imeachia na namba bado iko palepale, angalia ni wapi sekunde zinapotea. Zikipotea kwenye kuinuka, ongeza kukaa na kuinuka barazani na kitanzi mapajani. Zikipotea kwenye kugeuka, zile hatua nne ndogo ndizo za kurudiwa kila siku, hata bila mpira.